Kuku Alale Ufitoni, Atage Kiotani
Hotuba kwa wafugaji wa kuku wa nyumbani, Morogoro

Ndugu Mwenyekiti wa kikundi, Afisa Mifugo wa kata, kina mama, kina baba na vijana mnaofuga kuku majumbani kwenu, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie malalamiko yanayorudi katika mikutano yenu: kuku wanaziacha fito walizowekewa, jua likizama wanajipenyeza kwenye viota, wanalala humo hadi alfajiri, na mayai ya siku inayofuata yanakutwa yamechafuka. Wengi wenu mmeniuliza namna ya kuwazuia. Nitaieleza, lakini naomba tangu mwanzo nieleweke juu ya jambo moja ambalo nitalitetea hadi mwisho. Kuku anayelala kiotani hana kasoro ya tabia. Amelipima banda lake akaona kwamba kiota ndicho mahali bora palipobaki kwake usiku ule. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulirekebisha banda, na kuvifunga viota ni kazi ya pili. Anayekimbilia ya pili bila kuifanya ya kwanza huwaondoa kuku kiotani na kuwapeleka sakafuni, kwenye unyevu na kinyesi, mahali ambapo nyoka na panya huwafikia kwa urahisi.

Nianze na sababu ya kulipa jambo hili uzito. Kuku hutoa kinyesi usiku kucha, naye hakiondoi wala hakikimbii. Kinabaki pale pale alipolala. Akilala kwenye ufito, kinyesi huanguka chini na kesho yake mnakizoa mkapeleka kwenye matuta ya mchicha. Akilala kiotani, kinabaki juu ya maranda ambayo saa chache baadaye mwenzake atakuja kutagia. Sasa fikirini hali ya yai linapotoka. Lina joto la mwili wa kuku, ganda lake bado lina unyevu, na katika ganda hilo kuna maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Juu yake kuna utando mwembamba wa kuviziba vitundu hivyo, lakini utando huo unahitaji muda kidogo ili ukauke. Yai linapopoa, vilivyomo ndani husinyaa, hewa ya nje huvutwa kuingia, na ikiwa yai limelala juu ya kinyesi kibichi, vijidudu vya salmonela na vingine vya kinyesi huvutwa pamoja na hewa hiyo. Dakika hizo za kwanza ndizo zinazoamua mengi, na ndiyo maana usafi wa kiota una thamani kubwa kuliko usafi wowote utakaofanywa baadaye. Mtu anayeliosha yai kwa maji baridi ili lipendeze mbele ya mteja huung'oa ule utando, na ubaridi wa maji hulifanya yai livute uchafu zaidi. Yai lenye alama ndogo ya uchafu mkavu ni afadhali lipanguswe kwa kitambaa kikavu, na lile lililochafuka sana lisiuzwe kabisa.

Madhara hayaishii kwenye uchafu. Kuku watatu wanaposongamana usiku katika kiota kilichokusudiwa mmoja, yai la mapema litakalotagwa humo alfajiri litakanyagwa na kuvunjika, nao wataonja ute wake. Kuku aliyeonja ute mara kadhaa hujifunza kulivunja yai mwenyewe, na tabia hiyo ni ngumu sana kuiondoa. Wale wanaoniambia kwamba kuku wao wameanza kula mayai huwa nawauliza kwanza wanalala wapi.

Ili tujue la kufanya, inafaa tujue kuku anatafuta nini jioni. Asili ya kuku wetu wote, wawe wa kienyeji, chotara au wa mayai wa kisasa, ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini na Kusini-mashariki. Ndege huyo huchakura chini mchana kutwa, na jua linapokaribia kuzama hupanda mtini, kwa kuwa adui zake wengi hutembea ardhini na yeye mwenyewe haoni vizuri gizani. Maelfu ya miaka ya kufugwa na binadamu hayajaiondoa silika hiyo. Mnaofuga kuku wa kienyeji bila banda mnaliona jambo hili kila siku, pale wanapolala kwenye mwembe au juu ya paa la jiko, wala hakuna aliyewafundisha. Mguu wa kuku nao umeumbwa kwa ajili hiyo: anapochuchumaa juu ya ufito, uzito wa mwili wake unazivuta kano zinazopita nyuma ya kifundo, vidole vinajikunja na kuushika ufito, naye anaweza kulala usingizi bila kuanguka. Ndege aliyeumbwa hivyo akichagua kulala ndani ya sanduku, basi kuna kitu kimemzuia kufuata umbile lake, na ni wajibu wetu kukitafuta kitu hicho.

Kitu cha kwanza, na ambacho nimekikuta katika mabanda mengi kuliko kingine chochote, ni kimo. Jioni kuku hutafuta mahali pa juu kabisa anapoweza kupafikia. Viota vikiwa juu kuliko fito, au vikiwa sawa nazo, kuku atapanda kiotani, na hata mngemhamisha kila usiku kwa mwezi mzima atarudi. Hapa naomba niseme jambo ambalo baadhi ya mafundi wetu hawatalipenda. Mafundi wengi hujenga viota kwenye kimo cha kifua cha mtu ili mama asiiname anapookota mayai, kisha wanapigilia fito mbili za chini kwa mbao zilizobaki. Nia yao ni njema, lakini banda la namna hiyo limempangia kuku mahali pa kulala pasipokusudiwa. Sakafu ya kiota iwe sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, na ufito wa kulalia uwe juu zaidi ya kiota kwa tofauti ambayo kuku ataiona wazi, nami hupendekeza isipungue sentimita 30. Mkitaka kuokota mayai bila kuinama, wekeni mlango mdogo nyuma ya kiota unaofunguliwa kutoka nje ya banda, lakini msikinyanyue kiota chenyewe.

Kimo kina mipaka yake. Kuku wa kienyeji mwepesi anaruka mita moja na nusu bila shida. Kuku wa mbegu za Kuroiler na Sasso, na kuku weusi tunaowaita wa Malawi, ni wazito, na wengi wao hawawezi kuruka hivyo; na hata wakifika juu, asubuhi wanaporuka kushuka hutua kwa kishindo, nyayo zao huumia, na vidonda hivyo huweza kuvimba na kutunga usaha. Mfugaji akiona kuku wake wazito wamelala viotani, mara nyingi ni kwa sababu fito zimewekwa kwa kuku mwepesi. Kwa hao, ufito uwe sentimita 45 hadi 60 kutoka chini, na viota vishushwe zaidi, hata sentimita 15 kutoka sakafuni panatosha mradi maji yasiingie. Afadhali pia kuwawekea ubao wa kupandia uliopigiliwa vijiti vya kukanyagia, wenye mwinamo mdogo, ili wapande na kushuka kwa miguu. Acheni na nafasi tupu mbele ya fito ili anayeruka apate pa kutua.

Kuhusu ufito wenyewe, unene wa sentimita 4 hadi 5 unamfaa kuku mkubwa. Mbao ya mbili kwa mbili iliyopigwa randa na kuondolewa ncha za pembeni inafaa sana, na mirunda myembamba inafaa pia ikiwa imebanduliwa magome, maana chini ya gome ndiko wadudu wanakojificha. Bomba la plastiki linateleza na kuku hulikataa. Nondo ni nyembamba mno, na usiku wa baridi wa kule Mgeta au Lushoto inakuwa baridi mno miguuni. Ufito usiotulia, unaotikisika kuku mmoja anaposogea, huwatia hofu kuku wote walio juu yake. Upigilieni misumari pande zote mbili au uchongeeni mahali pa kukaa.

Jambo la pili ni nafasi, na hapa wafugaji wengi hukosea hesabu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 kuhusu kuku wa mayai linataka kila kuku apate angalau sentimita 15 za ufito, fito ziachane sentimita 30, na ufito uwe mbali na ukuta kwa sentimita 20. Hizo ni kima cha chini kwa kuku wembamba wa mayai katika mashamba makubwa. Kuku wetu chotara ni wapana zaidi, na usiku wa joto wanahitaji kuachana ili wapoe, hivyo nawashauri mhesabu sentimita 20 hadi 25 kwa kila mmoja. Kwa sentimita 25, mwenye kuku 20 anahitaji mita 5 za ufito. Banda lenye upana wa mita 2 likiwekewa fito tatu linapata mita 6, na hilo linatosha na kubaki. Likiwekewa fito mbili, mita 4, basi kuku wanne watakosa mahali, na hao ndio mtakaowakuta viotani. Fito hizo tatu ni vizuri ziwe kwenye kimo kimoja. Zikipangwa kama ngazi, kuku wote watagombea ule wa juu kabisa na wa chini utabaki mtupu, na kuku waliolala chini watachafuliwa na waliolala juu yao.

Nikisema kuku wanne watakosa mahali, sisemi kwamba watabadilishana zamu. Watakuwa wale wale kila usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alikuwa akiwatazama kuku tangu utoto wake, alieleza kwa maandishi jambo ambalo bibi zetu walilijua kwa macho: katika kundi la kuku kila mmoja anamjua anayeruhusiwa kumdonoa na anayemdonoa yeye. Mpangilio huo hufanya kazi mchana kwenye chakula, lakini ukali wake huonekana zaidi jioni, katika nusu saa ya kupanda kulala. Simameni kimya karibu na mabanda yenu kati ya saa 12 na saa 1 jioni mtazame. Mtamwona kuku mnyonge akipanda, akadonolewa kichwani, akashuka, akapanda upande mwingine, akafukuzwa tena, na giza linapokaribia akakata tamaa na kuingia kwenye kiota, ambacho kina kuta pande tatu na hakuna wa kumfikia kwa nyuma. Kwa kuku huyo kiota ni hifadhi. Ukimtoa usiku huo bila kumpa mahali pengine, unamrudisha mbele ya wanaomdonoa.

Dawa yake ni kuongeza ufito, tena upande mwingine wa banda, mbali na ule wanaoutawala wakubwa, ukiwa katika kimo kile kile. Watu wawili kati ya waliohudhuria leo walifanya hivyo msimu uliopita, na wanaweza kuwaeleza wenyewe kwamba hawakuhitaji kufanya jambo lingine. Ikiwa banda ni dogo kiasi kwamba hakuna mahali pa kuongeza ufito, basi kuku ni wengi kuliko banda, na itabidi mwuze baadhi au mjenge. Najua ujenzi ni gharama, na bei za mbao zinajulikana. Lakini banda lililojaa kupita kiasi litawadai hasara kwa njia nyingine, kwa magonjwa ya mafua, kwa kudonoana na kwa mayai yanayovunjika.

Hali hii huwa mbaya zaidi mnapoingiza mitetea wapya katika kundi la zamani. Wageni hao ni kama abiria waliopanda daladala iliyokwisha kujaa: kila kiti kina mwenyewe, na hakuna atakayesogea awapishe. Wiki kadhaa za kwanza watalala viotani au kujibana kwenye kona, na mfugaji hudhani ni ujinga wa umri. Watengeeni sehemu yao kwa wavu wa kuku ndani ya banda hilo hilo kwa wiki mbili hivi, ili makundi mawili yaonane bila kufikiana, na sehemu hiyo iwe na ufito wao wenyewe. Mkiuondoa wavu, ufito ule uacheni mahali pake, kwa kuwa wameshauzoea.

Sasa nije kwenye sababu ambayo hujificha, nayo inatakiwa ichunguzwe kila mara kuku waliokuwa wakilala vizuri ufitoni wanapoacha ghafla. Sababu hiyo ni wadudu wa usiku. Utitiri mwekundu ni mdogo kuliko milimita moja, mchana hujificha katika nyufa za mbao, chini ya ncha za fito na kwenye mashimo ya misumari, na usiku hutoka kunyonya damu ya kuku aliyelala. Papasi wa kuku nao wana mwenendo huo huo. Mfugaji anayewakagua kuku mchana haoni kitu mwilini mwao, na anashangaa kwa nini wamekuwa wembamba, vilemba vimepauka na hawataki kupanda fito. Chukueni tochi saa 3 usiku, mpitishe kitambaa cheupe chini ya ufito na kwenye maungio yake. Mkiona madoa mekundu au ya hudhurungi kwenye kitambaa, mmempata adui. Kwa joto la Morogoro na la pwani utitiri hukamilisha kizazi kizima kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo kusafisha mara moja hakutoshi. Ondoeni matandiko yote mkayachome moto, safisheni fito na viota kwa maji yanayochemka, zibeni nyufa, kisha rudieni kazi hiyo baada ya siku 5 hadi 7, na tena baada ya hapo. Utitiri unaweza kukaa miezi bila kula, hivyo banda lililoachwa tupu kwa wiki chache halijasafika. Dawa ya kunyunyizia mchague kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, na nawasihi sana msitumie dawa za pamba au za nyanya katika banda la kuku, maana sumu hiyo huingia kwenye mayai tunayowalisha watoto.

Kuna sababu nyingine ndogo ndogo ambazo nitazitaja kwa haraka. Paa linalovuja juu ya ufito litawahamisha kuku masika yakianza. Bati lililo karibu mno na fito, bila nafasi ya hewa juu ya ukuta, hufanya sehemu ya juu ya banda iwe na joto kali jioni, na kuku hushuka kutafuta ubaridi. Kicheche au paka aliyewahi kuingia usiku huacha hofu inayodumu, na kuku waliotishwa hupenda kona zilizofunikwa. Tundu alilopitia lizibwe kwanza. Na paa la kiota likiwa bapa, hata kuku asiyeingia ndani atalala juu yake na kulichafua, hivyo lipeni mwinamo mkali kiasi kwamba asiweze kusimama.

Mwanga nao una sehemu yake. Kuku hupenda kutaga mahali penye giza kiasi, kwa hiyo kiota kiwe upande wenye giza, na jambo hilo ni sahihi. Lakini fito zikiwa pia upande wa giza, kuku watashindwa kuziona wakati wa kupanda, kwa sababu macho yao hudhoofika mapema giza linapoingia. Dirisha la wavu likae upande wa fito ili mwanga wa mwisho wa siku uangukie huko. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu huzama kwa haraka, na muda kati ya mwanga na giza ni mfupi kuliko ule wa nchi za kaskazini; kuku aliyechelewa kurudi bandani hana nafasi ya kupapasa.

Nataka nitumie muda kidogo kwa vifaranga, kwa kuwa tatizo la tetea mara nyingi lilianza alipokuwa na wiki chache. Kifaranga aliyelelewa na mama yake huanza kupanda vitu vya chini akiwa mdogo sana, na mama mwenyewe humwongoza kupanda anapopata manyoya. Kifaranga wa kununua, aliyelelewa kwenye chumba cha jiko la mkaa hadi wiki ya nne au ya nane bila kuona ufito wowote, hufika kwenye banda lako akiwa hajui kuruka kwa kipimo wala kutua kwa usalama. Mwaka 1999 Stefan Gunnarsson na wenzake nchini Sweden walichapisha matokeo ya utafiti katika mashamba ya kuku wanaotembea huru, wakaonyesha kwamba makundi yaliyopewa fito kabla ya kumaliza wiki nne yalitaga mayai machache sakafuni na yalikuwa na udonoaji hatari kidogo baadaye, kuliko yale yaliyochelewa kupewa. Kwa hiyo muulizeni anayewauzia vifaranga waliokuzwa kama amewawekea fito. Na ninyi mnaolea wenyewe, wekeni kijiti cha kimo cha sentimita 10 hadi 15 ndani ya chumba cha vifaranga tangu wiki ya pili, mkinyanyue polepole kadiri wanavyokua. Gharama yake ni kijiti.

Baada ya banda kukamilika kwa namna hiyo, ndipo tunapokuja kwenye kuwafundisha kuku walioizoea tabia ya zamani, na hapa kuna kazi ya uvumilivu ya wiki moja hadi mbili. Yai huchukua kati ya saa 24 na 26 kutengenezwa, na mwili wa kuku umepangwa ili mayai mengi yatoke kati ya alfajiri na adhuhuri, machache yakichelewa hadi alasiri. Kufikia saa 10 jioni karibu wote waliokuwa na yai la siku hiyo wameshataga. Okoteni mayai ya mwisho wakati huo, kisha mfunge milango ya viota kwa ubao, kwa kipande cha wavu au kwa kigunia kilichokazwa vizuri. Fanyeni hivyo kabla kuku hawajaanza kurudi, maana aliyekwisha kuingia atang'ang'ania. Giza likishaingia kabisa, kama saa 2 usiku, rudini na tochi yenye mwanga hafifu. Kuku mliyemkuta sakafuni mbebeni kwa mikono miwili, mbawa zikiwa zimebanwa mwilini, mkamweke kwenye ufito kati ya wenzake wapole, kifua kikielekea upande walikoelekea wao, msubiri vidole vishike. Hatashuka, kwa sababu haoni. Wenzake nao hawatamdonoa wakati huo, na asubuhi ataamkia mahali ambapo mwili wake unapatambua. Mkimaliza, fungueni viota kabla ya kwenda kulala ninyi wenyewe, ili mtagaji wa alfajiri asikute mlango umefungwa akaenda kutaga kwenye majani. Anayefunga jioni akasahau kufungua ndiye anayeanza kutafuta mayai chini ya gari na nyuma ya choo.

Wengine wameniambia kwamba hawawezi kufanya hivyo kila siku kwa sababu wanarudi kutoka kazini usiku. Kazi hii inafaa sana kwa kijana wa nyumbani aliyerudi kutoka shuleni, naye aelezwe sababu zake, maana mtoto aliyeelewa sababu hufanya kwa makini. Lakini jambo linalotakiwa ni mfululizo. Usiku mmoja wa kuwaachia katikati ya wiki ya mafunzo huwarudisha walikotoka, hasa mitetea ambao bado wanajenga mazoea.

Jambo moja lazima litenganishwe na haya yote. Kuku anayeatamia si kuku anayelala kiotani, na kumchukulia kama mkosaji ni kupoteza vifaranga. Anayeatamia hukaa humo usiku na mchana, huvimbisha manyoya na kutoa sauti ya kukoroma mkono ukimkaribia, huweza kujinyonyoa kifuani, na hutoka mara moja hivi kwa siku kula, kunywa na kutoa kinyesi kingi kwa mpigo. Kwa kawaida hakichafui kiota chake. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuwatofautisha: kiota cha aliyelala tu kitakuwa na kinyesi alfajiri, na cha anayeatamia kitakuwa safi. Kuku wetu wa kienyeji huatamia mara kwa mara, na familia nyingi hutegemea siku zake 21 kupata kizazi kipya. Mhamishieni kwenye sehemu yake mwenyewe, yenye utulivu, na mayai mliyomchagulia, ili viota vya kutagia vibaki kwa watagaji. Kama hamtaki aangue, mwekeni kwa siku tatu au nne katika kizimba chenye sakafu ya wavu kilichoinuliwa, hewa ikipita chini yake, pamoja na chakula na maji ya kutosha, hadi hamu ya kuatamia imtoke.

Mwisho ni kuku ambao hawapaswi kulazimishwa. Yupo aliyezeeka ambaye viungo vimekakamaa, yupo mwenye kidonda cha unyayo, yupo aliyepukutisha manyoya ya mbawa na hawezi kuruka kwa wiki kadhaa, na yupo aliyeugua akajificha kiotani kwa kuwa anahisi baridi. Kuku aliyebadilika ghafla peke yake, huku wenzake wakiendelea vizuri, achunguzwe afya kabla ya kitu kingine: mshikeni, mtazame nyayo, tumbo, kilemba na kinyesi, na mkiona dalili msizozielewa mwiteni mtaalamu. Kwa mzee na kwa mwenye kilema, wekeni ufito mmoja wa kimo cha sentimita 20 kwenye kona kavu, mbali na viota, au sanduku la chini lenye maranda ambalo si la kutagia, nanyi mlibadilishe matandiko kila asubuhi.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Walio na vipimo vya mabanda yao, urefu, upana, idadi ya kuku na kimo cha viota, naomba wavilete hapa mezani, tuvipitie kimoja kimoja kabla jua halijazama.